Mtoro bin Mwinyi Bakari: Maisha ya Mwalimu wa Chuo Kikuu Asiyewekewa Ngazi

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari (takriban 1869–1927), mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika Berlin na baadaye Hamburg. Maisha hayo yanasimuliwa kwa mintarafu ya swali moja: mwalimu mdogo wa chuo kikuu hulelewa na kupimwa vipi, na nani hunufaika na kazi yake? Hoja kuu ni kwamba Mtoro alikuwa na sifa za mwanataaluma, lakini hakuwekewa ngazi ya kupandia. Makala yanamalizia kwa kueleza funzo ambalo idara zetu zinaweza kulipata kutokana na maisha hayo.

1.0 Utangulizi

Kila idara ya Kiswahili ina siku zake za tathmini. Majalada ya walimu wadogo huletwa mezani, machapisho huhesabiwa, maoni ya wanafunzi husomwa, barua za wapitiaji wa nje hufunguliwa, na mwishoni kamati huamua nani athibitishwe kazini, nani apandishwe daraja na nani aongezewe muda. Wengi wetu tunaoketi katika kamati hizo huona kwamba historia ya jambo hili ni fupi, na kwamba ilianza mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata hadhi kamili na Idara yake ya Kiswahili ikaanza kazi. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Mswahili aliajiriwa kufundisha lugha yake katika chuo kikuu, akapimwa na akaachana na kazi hiyo, miaka mingi kabla ya hapo. Hayo yalitokea Ulaya, na mwenye kisa alitoka katika pwani yetu.

Pwani ya Mrima, ile inayotandaa kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo na kusini yake, imetoa mchango mkubwa katika uchunguzi wa Kiswahili. Hata hivyo, watu wake wengi wameingia katika historia ya taaluma kwa mlango wa nyuma. Wametajwa kama watoa habari, wasimulizi, wanukuzi wa miswada au wasaidizi, na ni nadra kutajwa kama wanazuoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari ni miongoni mwao, na ndiye anayejulikana kuliko wengi. Kazi yake imesomwa na kila mwanafunzi wa utamaduni wa Waswahili, ama katika Kiswahili chake cha asili, ama katika tafsiri ya Kijerumani ya mwaka 1903, ama katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981. Utafiti wa Ludger Wimmelbücker, uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 2009, umetupatia picha kamili zaidi ya maisha yake. Lengo la makala haya si kurudia utafiti huo, bali ni kuyatazama maisha ya Mtoro kama maisha ya mwalimu kijana wa chuo kikuu.

2.0 Malezi ya Mrima

Mtoro alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Dunda, katika eneo la Bagamoyo. Zama hizo Bagamoyo ulikuwa ndio mlango mkuu wa misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishukia hapo, nguo na shanga zilipandia hapo, na wapagazi kutoka Unyamwezi walijaa mitaani kwa maelfu kila msimu. Kijana aliyekulia katika mazingira hayo alisikia lugha nyingi na kuona desturi nyingi kabla hajafunga safari yoyote. Mtoro alipokuwa na umri wa miaka kama 20, pwani yote ilitikiswa na vita vya kupinga Wajerumani vya mwaka 1888 na 1889. Abushiri bin Salim aliviongoza kutoka Pangani, na Bwana Heri akavishika Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kizazi cha Mtoro kiliingia utu uzima chini ya utawala mpya uliohitaji kuwaelewa watu iliowashinda.

Elimu ya Mtoro ilikuwa elimu ya chuo kwa maana ya zamani ya neno hilo katika pwani yetu. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu, akaanza na ubao na herufi, akapanda kwa juzuu hadi khitima. Mwenye kuendelea aliingia darasani, akasoma fikihi na nahau ya Kiarabu mbele ya shehe, kitabu baada ya kitabu. Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa ulikuwa na ngazi zilizojulikana na watu wote. Kila hatua ilikuwa na alama yake. Aliyekamilisha kitabu mbele ya mwalimu aliweza kupewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu hicho kwa wengine, na ndani ya ijaza mlitajwa silsila ya walimu waliokipokezana. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alijua tangu mwanzo nini kilitakiwa kwake, nani angempima, na siku ambayo yeye mwenyewe angeitwa mwalimu. Aidha, jina lake liliungwa katika mnyororo wa elimu, wala halikuachwa nje.

Mfumo huo nao ulikuwa na kasoro zake. Si kila mtu aliyefunguliwa mlango, na nasaba ilikuwa na uzito wake. Lakini jambo moja halina shaka: mtu aliyelelewa katika utaratibu wa ijaza alipoitwa kufundisha katika chuo kikuu cha ugenini, alikwenda akiwa na fikra kamili ya mwalimu ni nani na anastahili heshima gani. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja kugongana na mazingira aliyoyakuta.

3.0 Seminari ya Berlin na cheo cha lekta

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887 na kuambatanishwa na Chuo Kikuu cha Friedrich-Wilhelm. Kusudi lake lilikuwa la vitendo: kuwafundisha lugha maofisa, wafanyabiashara, wanadiplomasia na wamisionari waliokuwa wakienda Asia na Afrika. Kiswahili kiliingizwa mapema kutokana na maslahi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki.

Mafundisho yaligawanywa kati ya watu wa aina mbili. Juu alikaa mwalimu wa Kijerumani, aliyefundisha sarufi, kutunga vitabu na kusahihisha mitihani. Chini yake alikaa lekta, mzawa wa lugha, aliyesoma kwa sauti, kuzungumza na wanafunzi, kurekebisha matamshi yao na kuwasomesha hati za Kiarabu. Katika upande wa Kiswahili, mwalimu wa kwanza alikuwa Carl Gotthilf Büttner, aliyefariki mwaka 1893. Malekta wa mwanzo walitoka Unguja. Mmoja wao, Amur bin Nasur, alifundisha hadi mwaka 1895 na akaacha maandishi kuhusu maisha yake na mji wa Berlin, ambayo Büttner aliyaingiza katika mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili wa mwaka 1894. Baada ya Büttner, kazi ilikuja kushikwa na Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni katika Afrika ya Mashariki.

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kuchukua nafasi ya lekta. Inafaa kusisitiza maana ya kimuundo ya nafasi hiyo. Lekta aliajiriwa kwa mkataba. Hakuwa mwanafunzi, hivyo hakuwa akielekea kwenye shahada. Hakuwa mhadhiri, hivyo hakuwa akielekea kwenye uprofesa. Alithaminiwa kwa sababu alikuwa mzawa, na kwa sababu hiyohiyo alihesabiwa kuwa kitu kinachoweza kubadilishwa: mzawa mwingine angeweza kuletwa kwa meli inayofuata. Kila alipozidi kuwafahamu wanafunzi wake na kuboresha ufundishaji wake, cheo chake kilibaki palepale. Uzoefu wake haukuwa na mahali pa kuandikwa.

4.0 Kitabu na jina la mwandishi

Tukichukua kipimo kinachotumiwa na kamati zetu, yaani machapisho, miaka mitano ya Mtoro huko Berlin ilikuwa na mazao ya kuridhisha. Mwaka 1901 Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili kadhaa. Mchango wa Mtoro ulihusu safari yake ya Udoe na Uzigua pamoja na habari za Wadoe na mila zao. Nchi hizo ziko nyuma ya pwani, kaskazini ya Bagamoyo, na Uzigua unaenea hadi ndani ya eneo ambalo leo ni Mkoa wa Tanga. Mwaka 1903 kikatoka huko Göttingen kitabu kikubwa zaidi, Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani.

Desturi za Wasuaheli ni kazi isiyo na kifani katika nathari ya Kiswahili ya zama zake. Inaanza na mimba na uzazi, inapita katika malezi, chuo, jando na unyago, ndoa, ngoma, pepo, kilimo, safari, utumwa na deni, na inafika hadi mazishi na sheria. Mpangilio wake unamfuata mwanadamu kutoka tumboni hadi kaburini, kisha unaigeukia jamii na kanuni zake. Maelezo yake ni ya mtu anayeijua jamii kutoka ndani, lakini anayeweza kusimama kando kidogo ili aieleze kwa mgeni. Hakuna mwanaisimu wala mwanaethnografia asiyeona hapo akili inayochambua. Kuchagua nini kielezwe kwanza, nini kifuate, nini kiwe kanuni na nini kiwe tofauti ya mahali ni kazi ya kitaaluma, hata pale inapofanywa bila istilahi za kitaaluma.

Pamoja na hayo, jina lililokaa kwenye ukurasa wa anwani lilikuwa la Velten. Mtoro alitajwa ndani. Haki inatutaka tuseme kwamba Velten hakumficha kabisa, na kwamba aliyahifadhi maandishi ya Kiswahili badala ya kutoa tafsiri tu, kinyume cha wakusanyaji wengi wa siku zile. Tena wapo wengine waliochangia baadhi ya sehemu, na Velten mwenyewe alifanya kazi ya kuhariri na kufasiri. Lakini kutajwa ndani ya kitabu si sawa na kuwa mwenye kitabu. Maktaba ziliorodhesha kazi hiyo kwa jina la Velten, wataalamu wakaidondoa kwa jina la Velten, na kwa muda mrefu Mtoro alionekana kama chombo kilichotumiwa na mtafiti. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka kwa Chuo Kikuu cha California ikiwa imemtaja Mtoro kama mwandishi. Allen aliijua vizuri pwani hii. Ndiye pia aliyefasiri Utenzi wa Vita vya Wadachi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga. Marekebisho yake yalikuja miaka 78 baada ya kitabu kutoka, na miaka 54 baada ya mwandishi kufariki.

5.0 Mwaka 1905

Ili kuielewa nafasi ya Mtoro, inasaidia kumlinganisha na mtu mwingine aliyeingia katika seminari ileile. Carl Meinhof, aliyezaliwa mwaka 1857, alikuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Zizow huko Pomerania. Alijifunza lugha za Kibantu nje ya chuo kikuu. Kiduala alifundishwa na Mkameruni, Njo Dibone. Mwaka 1899 alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu. Alipata msaada wa kusafiri hadi Afrika ya Mashariki mwaka 1902, akaanza kufundisha katika Seminari ya Berlin mwaka 1903, na mwaka 1905 akawa profesa.

Makala haya hayakusudii kumpunguzia Meinhof ustahili wake. Kitabu chake kilikuwa msingi wa isimu linganishi ya Kibantu, na sisi sote tuliosoma somo hilo tunadaiwa naye, ingawa nadharia zake nyingine kuhusu jamii za watu zimekataliwa kwa haki. Kinachohusika hapa ni ngazi. Mtu aliyeanza nje ya taaluma, bila cheo cha chuo kikuu, alionekana, akasaidiwa kufanya utafiti, akapewa mahali pa kufundishia, akapandishwa. Kila hatua ilimfungulia nyingine. Mtoro naye alianza nje ya taaluma kwa maana ya Ulaya, akafundisha mapema zaidi katika jengo hilohilo, na kufikia mwaka 1903 maarifa yake yalikuwa yamejaza kitabu. Hatua zake hazikufungua chochote.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Ndoa hiyo ilikuwa halali, lakini iliyachukiza macho ya wengi katika dola iliyojengwa juu ya tofauti ya rangi. Wakati uleule palikuwa na mgogoro darasani. Baadhi ya wanafunzi, ambao walikuwa wakiandaliwa kwenda kuwatawala Waafrika, hawakukubali kumpa Mwafrika heshima ya mwalimu. Yeye aliyekulia katika mila ya darasa, ambamo mwanafunzi hukaa chini mbele ya mwalimu wake, hakuona sababu ya kuvumilia dharau. Mwaka 1905 kazi yake katika Seminari ilifika mwisho.

Tukitazama jambo hili kama tukio la tathmini, kasoro zake ni dhahiri. Kwanza, lililopimwa halikuwa ufundishaji wake wala maandishi yake, bali jinsi wanafunzi walivyojisikia kufundishwa naye. Pili, waliokuwa na sauti ni wale ambao kazi yake ilikuwa kuwasahihisha. Tatu, wakubwa walionufaika na maarifa yake ndio waliokuwa na uwezo juu ya riziki yake. Nne, kwa kuwa lekta hakuwa na ngazi, hapakuwa na hadhi iliyomkinga wala daraja la juu ambalo angeweza kulipelekea shauri lake kama haki yake. Mwalimu mwenye cheo akigombana na darasa, chuo huchunguza darasa pamoja na mwalimu. Asiye na cheo huachwa aondoke.

Mtoro aliamua kurudi nyumbani pamoja na mkewe. Safari hiyo ya mwaka 1905 ndiyo iliyomwumiza kuliko yote. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana von Götzen haikukubali wenzi hao waingie na kuishi pamoja katika nchi aliyozaliwa mume. Iliona kuwa mke wa Kizungu wa Mwafrika angeharibu heshima ya watawala. Wenzi hao wakalazimika kurudi Ujerumani. Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vilizuka kusini, na utawala ulizidi kuogopa.

Hasara haikuwa ya Mtoro peke yake. Zama hizo serikali ilikuwa na shule zake katika miji ya pwani, ya Tanga ikiwa ndiyo ya mbele kabisa tangu miaka ya 1890. Shule hizo zilitoa makarani na walimu wa Kiswahili, na Tanga ukawa pia mji wa uchapishaji wa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Mwalimu aliyekuwa na uzoefu wa miaka mitano katika chuo kikuu, mwandishi wa nathari bora ya zama zake, angekuwa na mengi ya kuzipa shule hizo. Mrima ulimpoteza mwalimu ambaye tayari alikuwa amekwisha kuiva.

6.0 Hamburg na miaka ya mwisho

Mwaka 1908 Taasisi ya Kikoloni ilianzishwa Hamburg, na mwaka uliofuata Meinhof akahamia huko kushika kiti cha lugha za Kiafrika. Mtoro alipata kazi chini yake tangu mwaka 1909 hadi 1913. Hamburg kilikuwa kituo cha hali ya juu. Maabara ya fonetiki ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo Meinhof akaanzisha jarida la lugha za makoloni. Waafrika kadhaa walifanya kazi hapo kama wasaidizi wa lugha, akiwemo Karl Atangana wa Kamerun aliyekuwepo kati ya mwaka 1911 na 1913, na ambaye baadaye alikuwa mtu mkubwa katika siasa za nchi yake.

Jina la msaidizi wa lugha linaeleza mengi. Berlin Mtoro aliitwa lekta, na angalau neno hilo lilikuwa na harufu ya ualimu. Hamburg alirudi kuwa msaidizi, akiwa na umri wa miaka 40 na zaidi na kitabu kikubwa nyuma yake. Katika taaluma yetu tumezoea kuamini kwamba muda humpandisha mtu; kwa Mtoro, muda ulimshusha. Sauti yake iliingia katika uchunguzi wa wengine, na matokeo yakachapishwa kwa majina ya wengine.

Baada ya hapo aliishi kwa kutoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika ya Mashariki katika miji mbalimbali ya Ujerumani. Hata katika hali hiyo hakuacha kufundisha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake, na Waafrika waliokuwa wakiishi huko wakajikuta katika hali ngumu zaidi kisheria na kiuchumi. Mwaka 1919 taasisi ya Hamburg ikawa sehemu ya Chuo Kikuu kipya cha Hamburg, na uchunguzi wa lugha za Kiafrika ukaendelea ndani yake kwa heshima kubwa. Mtoro hakuwemo. Alifariki Berlin mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka kama 58, mbali na Dunda na Bagamoyo.

7.0 Funzo kwa idara zetu

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya ukoloni na yamepita pamoja na ukoloni. Ni kweli kwamba sababu kubwa ya kilichompata Mtoro ilikuwa ubaguzi wa rangi, na makala haya hayataki kuifunika sababu hiyo kwa mazungumzo ya taratibu za vyuo. Lakini ubaguzi ulifanya kazi kwa kupitia muundo, na muundo unaweza kubaki hata pale waliouunda wameondoka. Mambo manne yanahitaji kutafakariwa.

La kwanza ni jina. Katika idara nyingi, mwalimu msaidizi hukusanya data, hunukuu kanda, huandaa jedwali na kuandika rasimu. Kazi inapochapishwa, hujikuta katika aya ya shukrani. Mwandishi wa makala haya hana usafi wa kuwahukumu wengine. Mapema katika kazi yake aliwahi kuchapisha uchanganuzi wa msamiati wa Kimtang'ata uliotokana na daftari za kijana mmoja aliyezunguka vijiji vya kusini ya Tanga kwa miezi mingi, akabaini tofauti za maana ambazo mwandishi asingeziona. Kijana huyo alishukuriwa kwa sentensi moja. Miaka michache baadaye nafasi yake ilipofikiriwa, jalada lake lilionekana jembamba, na hakuongezewa mkataba. Unene uliokosekana katika jalada lake ulikuwa katika jalada la mwandishi huyu. Aliyewahi kufanya hivyo hawezi kumsoma Velten kwa dharau.

La pili ni kutenganisha ulezi na hukumu. Mwalimu mdogo anahitaji mlezi wa kumwonyesha njia, kumsomea rasimu, kumpunguzia mzigo wa vipindi ili aandike, na kumwambia ukweli mapema. Mlezi huyo asiwe ndiye mwamuzi pekee wa hatima yake, hasa ikiwa ananufaika na kazi zake. Wapitiaji wa nje, ambao vyuo vyetu vinawatumia katika kupandisha vyeo, wana maana pale tu wanapoletewa kazi yote ya anayepimwa, ikiwemo ile iliyozama katika miradi ya wakubwa.

La tatu ni vigezo. Mwanafunzi wa Bagamoyo alijua ni kitabu gani kilichokuwa mbele yake na ni nani angempa ijaza. Mhadhiri msaidizi wa leo naye anastahili kujua kwa maandishi, tangu siku ya kuajiriwa, ni nini kitakachopimwa, kwa uzito gani na lini. Tathmini ya katikati ya safari ina faida kuliko hukumu ya mwishoni, kwa kuwa mtu aliyeambiwa kasoro yake katika mwaka wa pili bado anaweza kuirekebisha.

La nne ni matumizi ya maoni ya wanafunzi. Maoni hayo ni ya lazima, lakini yasomwe pamoja na mazingira yake. Mwalimu anayefundisha kwa lahaja ya kwao, mwalimu wa kike katika darasa lililozoea wanaume, au mwalimu kijana anayewasahihisha watu wazima anaweza kuchukiwa kwa sababu zisizohusu ubora wake. Kamati isiyouliza sababu hiyo inarudia kosa la mwaka 1905.

Hapa hatuna budi kumkumbuka mwana mwingine wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Maisha yake ya kazi aliyapitisha katika utumishi wa serikali ya kikoloni, kwa ngazi ambayo Mwafrika hakuweza kuipanda hadi juu. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifungua milango mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Tangu hapo tasnifu na makala nyingi zimeandikwa juu ya kazi zake, na wahadhiri wamepandishwa vyeo kwa kuandika juu yake. Hivyo basi, mkopo tunaodaiwa na pwani hii ni mkubwa. Njia moja ya kuulipa ni kuwatendea vyema wale wanaokuja nyuma yetu, ambao wengi wao hutoka katika vijiji vilevile.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari tangu Dunda hadi Berlin na Hamburg. Imeonekana kwamba alifundisha, alitafiti na aliandika, na kwamba matokeo ya kazi yake yamedumu kwa zaidi ya karne moja. Vilevile imeonekana kwamba chuo kilichomtumia hakikumwekea njia ya kukua, hakikumpa jina lake kwenye kitabu chake, na hakikumkinga alipodharauliwa. Mwalimu mdogo anapoletwa mbele ya kamati, swali la kwanza limekuwa ni nini amekifanyia chuo. Kwa kisa cha Mtoro, ni haki kamati ianze kwa kujiuliza yenyewe chuo kimemwekea ngazi gani, na ni nani aliyesimama juu ya ngazi hiyo kwa mabega yake.